Meno na Miiba: Historia ya Kuwauguza Walioumwa Taita Taveta

Taita Taveta ni nchi ya milima iliyochomoza katikati ya nyika. Milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau ina ukungu na mashamba ya ngazi. Chini yake ni tambarare kavu ya udongo mwekundu inayoenda hadi Taveta na Ziwa Jipe upande wa magharibi, na hadi mto Tsavo upande wa kaskazini. Kila tabaka la nchi hii lina meno yake. Mkulima wa mlimani hukutana na nyuki, nyigu na mbwa wa jirani. Kwenye vichaka vya chini yuko bafe, nyoka mnene asiyekimbia hata akisikia kishindo cha mguu, pamoja na swila atemaye sumu machoni, koboko, nge na tandu. Kando ya Jipe kuna mamba na kiboko, na kuanzia Voi kwenda mbele ni nchi ya simba, chui na fisi. Kwa hiyo kuuguza walioumwa si jambo la pembeni hapa. Ni kazi iliyoanza kabla ya hospitali, na kwa muda wote huo imeamuliwa na mambo mawili: saa zilizopita kati ya jino na mkono wa kwanza wa msaada, na kile ambacho mkono huo uliamini kuwa ni tiba.

Zamani mkono huo ulikuwa wa jamaa. Aliyeumwa na nyoka alifungwa kamba juu ya jeraha, akachanjwa, damu ikanyonywa, kisha majani au mizizi iliyopondwa ikabandikwa. Ndivyo ilivyofanywa karibu kote Afrika Mashariki. Lakini kwa Wadawida jeraha halikuishia kwenye ngozi. Msiba wa ghafla ulidhaniwa kutokana na hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu fulani, awe jamaa aliye hai au marehemu, na mpiga ramli aliitwa kutafuta ni hasira ya nani. Ikishajulikana, mwenye hasira alifanya tendo la kutasa: alijaza kinywa maji, maji ya muwa au pombe, akayapuliza kwa manyunyu huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kumtakia mema aliyeumia. Nchi yenyewe ilikuwa na ulinzi wake, fighi, misitu mitakatifu iliyoaminiwa kuwakinga watu na maadui na maafa.

Ni makosa kuyapita haya kwa haraka kama ushirikina mtupu. Mtu aliyeumwa na nyoka hushikwa na hofu kuu. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka, naye huamini anakufa hata pale ambapo nyoka hakumtia sumu. Na mara nyingi hamtii. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye sumu kali huuma mara kadhaa bila kuimwaga. Mgonjwa wa namna hiyo, akizungukwa na watu waliopatana mbele yake na kumwombea heri, alitulia na kupona. Hapo ndipo chanzo cha sifa ya dawa nyingi za nyoka, za kienyeji na za kigeni: ziliwaponya watu ambao wangepona wenyewe. Aliyetiwa sumu ya koboko alikufa mikononi mwa mganga yeyote.

Wageni walipoanza kukaa, waliongeza masanduku ya dawa. Mmisionari Johann Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mjuzi wa njia za misafara, alifika Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita kwenda Kilimanjaro. Wamisionari wa Kianglikana walianza kituo Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Misheni za siku zile, hata zisizokuwa na daktari, zilisafisha na kufunga vidonda, na wengi walizijua kwa bendeji kabla ya kuzijua kwa vitabu. Kupitia misheni katika sehemu nyingi za Afrika ndiko kulikosambaa pia jiwe la nyoka, kipande cheusi kinachobandikwa juu ya alama za meno. Wengi huliona kama urithi wa mababu. Kumbe lilitoka India, lilifika Ulaya tangu karne ya 17, na kwa kawaida si jiwe, bali ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mkaa. Hunata kwenye jeraha bichi kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vinavyofyonza umajimaji, na likikauka hudondoka. Anayetazama huamini limeshiba sumu. Sumu wakati huo imekwisha kuingia ndani ya nyama na damu, mahali ambapo mfupa hauwezi kuifuata.

Uuguzi wa hospitali uliingia Taita Taveta kwa reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwanzoni mwa 1898 reli ilikuwa imeshaipita Voi na kufika mto Tsavo, ambako John Henry Patterson alipewa kazi ya kujenga daraja. Wafanyakazi wengi walitoka India. Katika ujenzi wote waliletwa karibu 32,000, na 2,493 kati yao walikufa. Kwa ajili yao kulikuwa na hospitali za mahema, kila moja ikiwa na daktari wa reli na wasaidizi wa hospitali, Wahindi waliofunzwa kazi ya kufunga vidonda, kutoa dawa na kukaa na wagonjwa usiku. Hao ni miongoni mwa wauguzi wa kwanza wa mtindo wa kisasa kufanya kazi katika nyika hii, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Kuanzia Machi 1898 simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walianza kuwachukua watu kwenye mahema ya Tsavo. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya uwindaji. Kikisomwa kama habari ya wodi, kinabadilika. Patterson mwenyewe aliandika kuhusu usiku ambao simba aliingia kwenye uzio wa hospitali. Msaidizi alisikia sauti, akafungua mlango wa hema lake, na mbele yake, hatua chache tu, alisimama simba akimtazama. Simba aliruka. Msaidizi alirudi nyuma kwa hofu na kuangusha sanduku la dawa. Chupa zilivunjika kwa kishindo, na mlio wa vioo ukamshtua mnyama akageukia upande mwingine. Huko alilirukia hema walimolala wagonjwa 8. Wawili walijeruhiwa vibaya, wa tatu akaburutwa nje kupitia uzio wa miiba.

Jambo linalouma zaidi katika maelezo hayo limeandikwa kama kitu cha kupita. Wale wawili waliojeruhiwa walibaki pale walipoangukia, wamefunikwa na kipande cha turubai kilichochanika, mpaka Patterson na daktari walipowafikia baada ya mapambazuko. Usiku wote hakuna aliyewagusa. Waliokuwa karibu walikuwa wagonjwa kama wao, na giza lilikuwa na simba. Hospitali ilihamishwa siku iyo hiyo karibu na kambi kuu, ikajengewa uzio mnene, na wagonjwa wote wakahamishiwa humo kabla ya jua kutua. Haikusaidia. Simba walikwenda kwenye hospitali mpya, mmoja akaingiza kichwa chini ya hema na kumshika mguu mchota maji. Mtu huyo alishika sanduku zito likaburutika naye, kisha akakamata kamba ya hema mpaka ikakatika.

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29. Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, mbali na Waafrika ambao hawakuhesabiwa, na baadaye akatoa idadi kubwa zaidi, 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ulichapishwa mwaka 2009 na kukadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Wataalamu wa meno walipolichunguza fuvu la mmoja wao walikuta chonge la taya la chini limevunjika na mzizi wake una jipu. Mnyama mwenye maumivu hayo hawezi kumkaba pundamilia. Binadamu ni laini na hana mbio.

Mwaka uliofuata ilifika zamu ya Voi. Mhandisi O'Hara, aliyesimamia ujenzi wa barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliuawa na simba usiku ndani ya hema, kando ya mkewe na watoto wao. Mke alimkimbilia mume nje ya hema akajaribu kumwinua, lakini alikuwa amekwisha kufa. Asubuhi yake safari ya kwenda kwa daktari wa reli mjini Voi ilifanywa kwa miguu, mwili ukiwa kwenye machela. Mbali na reli hakukuwa na namna nyingine ya kusafiri katika nyika hiyo, na majeruhi wengi wa enzi hiyo waliifuata njia hiyo hiyo, wakibebwa mabegani.

Aliyenusurika meno ya simba hakuwa amepona. Meno na kucha za mnyama mla nyama hubeba uozo wa mawindo, nalo jeraha lake ni shimo jembamba lenye kina, linalofunga juu kabla ya kupona ndani. Usaha huanza baada ya siku moja au mbili, homa hupanda, na damu hujaa sumu ya vijidudu. Mwaka 1911 George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alishambuliwa na simba nje ya Nairobi. Alipelekwa hospitali ya mjini, akapata matibabu yote yaliyokuwapo, na bado alikufa baada ya siku chache. Kabla ya dawa za salfa za miaka ya 1930 na penisilini ya miaka ya 1940, silaha kuu zilikuwa mbili: asidi ya kaboliki, na fuwele za zambarau za pamanganeti zilizoyeyushwa katika maji. Muuguzi aliingiza maji hayo kwa bomba ndani ya kila shimo la jino, mara kwa mara, mchana na usiku, na kuacha jeraha wazi lipate kutoa usaha. Kazi ilikuwa ya uvumilivu na harufu, na aliyeifanya vizuri aliokoa maisha pale ambapo daktari hakuwa na dawa.

Pamanganeti hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kosa kubwa katika tiba ya nyoka. Mwaka 1904, Lauder Brunton, Joseph Fayrer na Leonard Rogers, wataalamu wenye heshima kubwa Uingereza na India, walitangaza kifaa kidogo cha kutembea nacho: kijiti cha mbao kisichozidi kidole, ncha moja ikiwa na kisu kifupi ndani ya kifuniko, na ncha nyingine ikiwa na tundu la kuhifadhia fuwele. Maelekezo yalikuwa mafupi. Funga kamba juu ya jeraha, kata alama za meno, sugulia fuwele ndani. Kifaa kilikuwa rahisi, kikaingia mifukoni mwa maofisa, wapimaji ardhi, walowezi na wawindaji katika makoloni. Hakikuondoa sumu. Kilichofanya ni kuunguza nyama, kukata mishipa na kufungua mlango wa usaha, huku kamba ikiunyima mguu damu.

Jambo hili lapaswa kukumbukwa kila mara muuguzi wa leo anapomkuta mgonjwa amechanjwa na kufungwa kamba, na watu wa mjini wakasema ni ujinga wa kijijini. Kuchanja kulikuwapo kabla ya wageni. Lakini kulipewa nguvu mpya na daktari mwenyewe, kukaandikwa katika vitabu vya huduma ya kwanza na kufundishwa kama sayansi kwa miaka mingi. Kisu, kamba, kunyonya na jiwe jeusi vilikuwa dawa za mzungu na za mganga kwa wakati mmoja. Hospitali ilipoacha, haikurudi vijijini kueleza kwa nini.

Wakati wa ujenzi wa reli ilikuja pia kero ndogo iliyolemaza watu wengi kuliko simba: funza. Kiroboto huyu aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na kufika pwani ya mashariki kabla ya karne kwisha. Wafanyakazi wa reli waliokuja kutoka India hawakumjua. Walimwacha aote chini ya ukucha mpaka vidole vikaoza. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, nchi ya Voi na Taveta ikawa uwanja wa mapigano. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, reli ya kijeshi ikatandazwa kutoka Voi kuelekea Maktau, na Februari 1916 Waingereza wakashindwa katika kilima cha Salaita kabla ya kuirudisha Taveta mwezi uliofuata. Maelfu ya wapagazi walipita huko bila viatu. Kumtoa funza kwa sindano, bila kumpasua tumbo, na kuosha shimo lake ilikuwa kazi ya kila asubuhi kwa wahudumu wa majeraha. Ng'ambo ya mpaka, katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, makundi ya nyuki waliotibuliwa na risasi yaliwaangukia askari katikati ya mapigano. Jeshi lilikuwa limejiandaa kwa risasi tu.

Wahudumu hao wa majeraha waliitwa madresa, jina lililotokana na kazi yao ya kufunga vidonda. Kati ya vita viwili vya dunia, dresa Mwafrika ndiye aliyekuwa hospitali kwa watu wengi wa koloni. Alifunzwa kazini, akapewa koti, chupa za dawa na daftari, na akawekwa peke yake mahali ambapo daktari alifika mara chache. Milimani, hospitali ya Wesu karibu na Wundanyi ikawa kimbilio la Wadawida; kwenye tambarare, mashamba makubwa ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yalikusanya vibarua katika mazingira anayoyapenda bafe. Nyoka huyo hulala chini ya majani makavu, rangi yake ikifanana na udongo, na mkataji mkonge humkanyaga au kumshika mkono ukiwa mtupu. Mashambani, aliyeumwa alikuwa na bahati moja ambayo mchungaji wa nyikani hakuwa nayo: wenzake walikuwa karibu, na lori la shamba nalo lilikuwa karibu.

Kichaa cha mbwa kina historia yake ya peke yake. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Kwa miaka mingi chanjo iliyopatikana katika makoloni ilikuwa ile iliyobuniwa na David Semple huko India, iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Ilidungwa kila siku chini ya ngozi ya tumbo, sindano 14 au zaidi, na yenyewe iliweza kudhuru mishipa ya fahamu. Wazee waliopitia sindano za tumbo huzikumbuka zaidi ya mbwa mwenyewe. Woga huo umewafanya wengi hadi leo wachelewe, ingawa chanjo ya sasa hudungwa begani mara chache tu.

Aprili 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza hifadhi ya taifa ya Tsavo, ambayo baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta likawa la wanyama kwa sheria. Wawindaji Waata waliofukuzwa humo, wafugaji waliozuiwa kunywesha mifugo, na wakulima wa mpakani, wote walijikuta wakiishi ukingoni mwa nchi ya wanyama bila haki ya kuwarudisha nyuma. Takwimu za majeruhi hazieleweki bila mpaka huo. Mtoto anayechunga mbuzi kandokando ya Sagalla au mwanamke anayekata kuni karibu na Kasigau haendi porini kutafuta hatari. Pori limewekwa mlangoni pake.

Uuguzi wenyewe ulipata sheria katika miaka hiyo hiyo, kwa amri ya mwaka 1949 iliyoweka usajili wa wauguzi na wakunga. Baada ya uhuru dresa alipisha muuguzi mwenye cheti, zahanati za Harambee zikaongezeka, na mjini Voi ikakua hospitali inayoitwa Moi, ambayo leo ndiyo ya rufaa ya kaunti. Dawa ya kukabili sumu ya nyoka, iliyoanzishwa na Albert Calmette huko Ufaransa mwaka 1895 kwa kutumia damu ya wanyama waliozoeshwa sumu, ilipatikana kwa shida. Iliagizwa kutoka nje, ikahitaji ubaridi, na bei yake ilizidi uwezo wa zahanati. Ya Afrika Kusini ilifaa kwa nyoka wa huku. Nyingine, zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi za mbali, zilidungwa bila faida, na wauguzi waliofuata maelekezo yote waliona mgonjwa akizidiwa mbele yao. Watu wakasema dawa ya hospitali haifanyi kazi, na kwa hilo hawakukosea.

Pwani, James Ashe alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, ambacho kimekuwa shule kwa wahudumu wa afya na msaada kwa walioumwa. Mwaka 2007 swila mkubwa wa kahawia wa nyika hizi alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake na akapewa jina la Ashe. Jambo hilo lina maana kitandani: kama nyoka hajulikani, haijulikani pia kama dawa iliyopo inamfaa. Kisha pigo likaja. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 wizara ya afya ya Kenya ikatoa mwongozo wake wa tiba.

Nyuki nao wamerudi katika habari hii kwa njia isiyotarajiwa. Chini ya mlima Sagalla, katika miaka ya 2010, mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants walishirikiana na wakulima kuzungushia mashamba mizinga. Hutundikwa mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka, naye hurudi. Shamba hupona na asali huuzwa. Lakini mkulima sasa anaishi na nyuki wengi kuliko baba yake, na ni muhimu ajue hatari mbili tofauti. Ya kwanza ni ya dakika: mtu ambaye mwili wake haupatani na sumu ya nyuki huvimba midomo na koo, hukosa pumzi na kuzimia hata kwa mwiba mmoja, na kinachomwokoa ni adrenalini ya kudungwa kwenye msuli wa paja mara moja. Ya pili ni ya saa: aliyeumwa mamia ya mara anaweza kuonekana mzima, kisha mkojo ukageuka kama chai ya rangi kwa sababu misuli na figo zinaharibika. Muuguzi hutoa miiba upesi bila kupoteza muda kuchagua namna ya kuitoa, maana kifuko chake huendelea kusukuma sumu, na hukagua mkojo siku nzima.

Kwa kung'atwa na mbwa, fisi au mbweha, tiba ya kwanza ni ya bei ndogo kuliko zote: sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15. Ndiyo inayopunguza virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kisha hufuata chanjo ya kichaa, kinga ya pepopunda, na pale meno yalipotoboa ngozi, protini za kinga zinazodungwa ndani na pembezoni mwake. Jeraha halishonwi haraka. Dalili za kichaa zikianza, hakuna tiba. Kwa hiyo kazi yote ya muuguzi iko katika siku ambazo mgonjwa anajiona mzima na hataki kurudi kwa sindano inayofuata. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vitokanavyo na mbwa wenye kichaa.

Mgonjwa wa nyoka hufika Voi kwa bodaboda, matatu au ambulansi, mguu ukiwa umefungwa kitambaa au mpira wa baiskeli. Desturi mpya ya wodi inaanza na kutoharakisha kuufungua. Kamba iliyozuia damu kwa saa mbili ikilegezwa ghafla huachia sumu yote kwa mara moja, kwa hiyo kwanza hufunguliwa mshipa wa dripu, dawa na kifaa cha kupumulisha huwekwa karibu, ndipo kamba hulegezwa polepole. Pete na bangili hutolewa kabla uvimbe haujazikaba. Aliyetemewa sumu machoni huoshwa kwa maji mengi safi, bila chokaa wala dawa ya majani.

Halafu huanza kukesha. Kwa kalamu ya wino muuguzi huchora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipofikia na kuandika saa kando yake. Baada ya nusu saa huchora mwingine. Mistari ikivuka goti, sumu ya bafe inaendelea kula nyama. Mililita 2 za damu huwekwa katika kijichupa safi cha kioo, kikaachwa kimesimama dakika 20 bila kuguswa, kisha kikainamishwa. Damu ikitiririka badala ya kuganda, sumu imeshaharibu uwezo wake. Kwa koboko dalili ni nyingine: kope hulegea, sauti hubadilika, mate hushindwa kumezwa, na pumzi hufuata. Mtu hushikwa mkono na kuambiwa ahesabu kwa pumzi moja. Akifika 20 mara ya kwanza na 9 mara ya pili, hakuna haja ya kipimo kingine. Dawa ya nyoka ikitolewa, mtoto hupata kipimo sawa na mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu, na sindano ya adrenalini huwa imeshavutwa tayari, maana mwili wa mgonjwa huweza kuzikataa protini za damu ya farasi zilizomo.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Baadaye ilirekebishwa, na nyoka akatolewa katika orodha ya wanyama wanaolipiwa. Kwa simba, ndovu, kiboko au mamba, familia inahitaji karatasi: jeraha lilikuwa wapi, limetokana na mnyama gani, mgonjwa alifika saa ngapi. Maelezo hayo huandikwa na aliyempokea, mara nyingi nesi wa zahanati aliye peke yake zamu ya usiku, na akiyaandika kwa haraka mistari miwili tu, familia inaweza kukosa haki yake miaka ikipita.

Kutoka hospitalini si mwisho wa kuugua. Jeraha la bafe huacha nyama iliyokufa inayohitaji kukatwa, ngozi ya kupandikizwa, mazoezi ya kunyoosha kifundo, na kubadilishwa bendeji kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Nauli ya Voi kila baada ya siku mbili haimudiki kwa mkulima wa Kasigau au mchungaji wa Jipe, hata baada ya lami kufika Taveta. Kwa hiyo mgonjwa hurudishwa kwenye zahanati ya kwao akiwa na barua na pakiti ya gozi, na kidonda humalizikia pale, mikononi mwa nesi yule yule aliyempokea siku ya kwanza akiwa amefungwa mpira wa baiskeli.